Kotmiri "kikombe kimoja" ni kiasi gani hasa, na dania ya wifi ni majani au unga?

"Shikamoo mwalimu. Mimi naishi Dar, mume wangu ni wa Nakuru. Wifi alinitumia resipe ya maharage kwa WhatsApp, ameandika dania vijiko viwili, weka mwishoni. Nikaweka vijiko viwili vikubwa vya unga wa giligilani mwishoni kama alivyosema, maharage yakawa machungu halafu kama yana vumbi, hakuna aliyemaliza sahani. Wiki iliyofuata nikajaribu chatini ya Mmarekani mmoja mtandaoni, yeye kasema cilantro kikombe kimoja. Nikanunua mafungu mawili ya mia tano, sikujua nikate ndo nipime au nipime ndo nikate, nikatia yote kwenye blenda na mabua yake. Ikatoka nyeusi nyeusi, chungu. Mwanangu wa miaka saba anasema kotmiri inanuka sabuni, baba yake anamwambia aache kudeka. Halafu inayobaki mama mkwe anaisaga anakunywa glasi nzima kila asubuhi, anasema inasafisha damu, ni wiki ya tatu sasa, na yeye anameza warfarin tangu mwaka jana. Kuna kipimo cha uhakika cha hili jani au ni kukadiria tu?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako umelianza na maharage na chatini lakini mimi naanza na mama mkwe, maana maharage yakiharibika mnapika mengine. Warfarin ni dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, ambayo ini linaitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Daktari alipompangia mama dozi yake aliipanga kulingana na chakula alichokuwa anakula siku zile. Sasa kotmiri mbichi ina vitamini K nyingi sana, kwenye gramu 100 ni kama mikrogramu 310 hivi, wakati mwanamke mtu mzima anahitaji kama 90 tu kwa siku nzima. Ile uliyonyunyizia juu ya mchuzi haina tatizo, gramu 5 zile zina kama 15 tu. Lakini glasi iliyosagwa fungu zima la gramu 80 ni karibu 250, na kila asubuhi, na wiki tatu mfululizo! Hapo dawa inaweza kupungua nguvu na damu ikaanza kuganda mahali isipotakiwa.

Na usije ukakimbia kuimwaga hiyo glasi ukadhani umemaliza, maana hapa ndipo wengi wanakosea. Kama wiki hizi kipimo chake cha kuganda kwa damu kimeshabadilika na labda dozi ikaongezwa kliniki bila wao kujua habari ya juisi, akiacha ghafla dawa inaweza kuzidi nguvu akaanza kutoka damu. Kwa hiyo pigeni simu kliniki yake leo, waambieni ukweli wote, wampime INR, yaani hicho kipimo cha kuganda kwa damu, wao ndio waseme aache vipi na dozi ibaki au ibadilike. Msipunguze wala kuongeza kidonge wenyewe. Mkienda bebeni ile glasi anayotumia na fungu moja la kotmiri mnalonunua, muwaonyeshe, maana ukisema "glasi moja" kila mtu anawaza glasi ya kwao. Na mkiona fizi au pua inatoka damu isiyokoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au upande mwingine mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, mdomo umepinda, upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo sio ya kusubiri kliniki ya Jumatatu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Hilo la kusafisha damu, mama mwambie kwa heshima na taratibu, usimdhalilishe mbele ya watoto. Damu inasafishwa na figo na ini. Kotmiri ni mboga nzuri, naipenda mno, ila kazi hiyo haiwezi.

Haya, sasa turudi jikoni.

Maharage yako hayakuharibiwa na wewe, yaliharibiwa na jina. Huu mmea ni mmoja lakini sisi Waswahili tunauita majina matatu na kila jina lina mipaka yake. Unguja ukisema kotmiri ni majani, ukisema gilgilani wengi wanaelewa mbegu. Huku bara giligilani unaweza kuuziwa majani, unaweza kuuziwa unga, inategemea umesimama kwenye meza gani sokoni. Kenya ni dania, na dania ni vyote viwili, ndo maana wifi hakuona haja ya kufafanua, kwake yeye "dania mwishoni" haiwezi kuwa kitu kingine zaidi ya majani. Wazungu nao wana mkanganyiko huo huo, Mwingereza anasema coriander kwa majani na mbegu, Mmarekani majani anayaita cilantro, neno la Kispanyola, na coriander anabakizia mbegu. Kwa hiyo ukisoma resipe usiangalie jina, angalia inaingia saa ngapi. Ikiingia mwanzoni na vitunguu na mafuta, ni unga au mbegu. Ikiingia mwishoni moto umeshazimwa, au inaenda kwenye kachumbari, ni majani. Mimi hii kanuni sijawahi kuiona inakosea.

Na hivi vitu viwili havibadilishani hata kidogo. Watu wanafikiri unga ni majani yaliyokaushwa, hapana, unga ni ile mbegu ya duara iliyosagwa. Harufu ya mbegu inatokana zaidi na kitu kinaitwa linaloli, ina utamu kidogo kama ya ganda la chungwa, na inavumilia moto, tena inautaka, ukiikaanga kidogo kwenye mafuta ndo inafunguka. Unga mbichi ukiumwagia juu ya maharage yaliyoiva haupati mafuta, haupati moto, unabaki kuelea, ndio hilo vumbi ulilolionja. Majani harufu yake inatokana na aldehaidi, ni vitu vyepesi mno vinavyopeperuka, ile harufu inayojaa jiko zima ukikata kotmiri ndio yenyewe inaondoka hivyo. Ukiichemsha dakika kumi na mchuzi, harufu imeenda kwa majirani, kwako kumebaki majani tu. Kama umeishiwa majani bora usiweke kitu kuliko kuweka unga, au weka majani ya vitunguu, na yale majani yaliyokaushwa ya kwenye vichupa vya supamaketi usiyanunue, harufu ilishatoka siku nyingi.

Sasa kipimo. Umeuliza kipo cha uhakika au ni kukadiria, jibu langu ni kwamba kikombe ndicho kukadiria, ijapokuwa kinaonekana cha uhakika. Sukari kikombe kimoja inafanana fanana kwa kila mtu. Jani halifanani, kwa sababu kikombe cha majani kwa sehemu kubwa ni hewa. Ukidondosha majani bila kuyabonyeza kikombe kizima kinachukua kama gramu 16 tu, ndio, kumi na sita. Ukiyashindilia kwa vidole inakuwa mara mbili, mwenye mkono mzito atafika hata mara tatu. Na kikombe chenyewe, cha Mmarekani ni kama mililita 240, nchi nyingine wanasema 250, kikombe cha chai cha nyumbani kwako huenda hakifiki 200. Kwa hiyo watu wawili wanafuata resipe moja kwa uaminifu kabisa, mmoja katia gramu 15, mwingine 45, halafu mmoja anasema haina ladha mwingine anasema imezidi.

Nipime ndo nikate, au nikate ndo nipime? Angalia neno lilipokaa. "Kikombe cha kotmiri iliyokatwa" maana yake umeshakata, unapima kilichokatwa. "Kikombe cha kotmiri, ikatwe" unapima majani mazima halafu unakata. Iliyokatwa inakaa chini vizuri, hewa inapungua, kwa hiyo ni nyingi zaidi kwa kikombe kile kile. Kama resipe haisemi, na nyingi hazisemi, chukulia ni majani mazima yaliyobonyezwa kidogo tu, kiasi cha mtu anayefunga begi bila kulikalia.

Ila mimi nataka ufanye kitu kingine kabisa, kinachukua dakika tano na hutarudia tena maishani. Azima mizani ndogo ya jikoni, ile ya keki, hata kwa jirani. Chambua kotmiri, osha, ikaushe, halafu chukua konzi moja, yaani ujaze mkono uliofumba kama unavyochukua kawaida, weka kwenye mizani. Soma. Rudia mara tatu nne. Mkono wangu mimi unatoa gramu 10 au 11, binti yangu ana vidole vyembamba anatoa 7, na kila mmoja wetu karibu hakosei. Bibi zetu walikuwa wanapima kwa konzi na ukufi na kibaba na chakula kilikuwa kinatoka kile kile kila siku, kwa sababu mkono ulikuwa ni wa mtu mmoja na ulishazoea. Ukishalijua konzi lako lina gramu ngapi, resipe yoyote ya dunia hii unaitafsiri. Maharage ya watu sita, gramu 10. Kachumbari ya bakuli la familia, 10 hadi 15. Mchuzi wa samaki wa nazi, 5 zinatosha, samaki ana harufu yake nzuri usimfunike. Chatini ndo inakula, 60.

Na fungu usilitegemee hata siku moja. Fungu la mia tano masika limejaa mkononi, kiangazi limekuwa kama ufagio wa mezani. Tena lina mizizi, udongo, majani ya njano na kamba yake. Resipe ya Marekani ikisema bunch moja ni fungu kubwa la supamaketi, mara nyingi linakaribia gramu 80 hadi 100 na mabua, kwa hiyo usihesabu fungu kwa fungu.

Mabua jamani msitupe! Naona watu wanakaa wananyofoa jani moja moja kama wanachambua dagaa, bua zima linaenda kwenye takataka, na bua laini ndilo lina ladha nyingi kuliko jani. Sehemu ya juu, kuanzia majani yanapoanza mpaka chini kidogo, pinda kwa vidole, likivunjika pwaa bila nyuzi ni la kula, likinyumbuka na kuacha uzi lirudishe nyuma, litie kwenye supu ya mifupa. Mizizi nayo Wathai wanaitwanga na kitunguu saumu na pilipili kwenye viungo vyao, ukiipata safi jaribu.

Chatini yako sasa. Imekuwa nyeusi na chungu kwa sababu zaidi ya moja, nadhani zote zilikutana. Kwanza kiasi, mafungu mawili pamoja na mabua magumu ya chini huenda yalikuwa mara nne ya alichotaka huyo Mmarekani. Pili umri wa mmea, kotmiri iliyoanza kutaka kutoa maua majani yake ya juu yanakuwa membamba kama ya karoti, na karoti kweli ni ukoo mmoja na kotmiri, hayo membamba ni makali na machungu, ukiyaona sokoni acha. Huku Pwani na joto hili kotmiri inakimbilia maua haraka sana, ndo maana ya Lushoto au ya Arusha unaiona ina majani mapana mazuri. Tatu, blenda. Majani makavu bila maji hayashikwi na visu, unazungusha dakika tatu nne, jagi linapata moto, na rangi ya kijani haipendi moto wala haipendi kukaa muda mrefu na asidi, inageuka ile rangi ya zeituni iliyochoka.

Fanya hivi. Kwanza tia pilipili mbichi mbili, punje moja kubwa ya kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji ya baridi kabisa ya frijini vijiko vitatu vikubwa, saga mpaka iwe uji. Halafu tia mabua laini uliyokatakata, zungusha kidogo. Halafu majani, jumla na mabua iwe gramu 60, na hapo unabonyeza unaachia, unabonyeza unaachia, sekunde 20 au 30 inatosha, ikibaki chenga chenga ndo vizuri. Ukitaka iwe laini ongeza nazi iliyokunwa vijiko viwili vikubwa au mtindi. Ndimu unakamua mwisho kabisa, kijiko kimoja kikubwa, unakoroga kwa mkono, unapeleka mezani. Kwa viazi karai, kwa bajia, kwa mishkaki, utaniambia. Isizidi siku tatu frijini, kesho yake rangi inaanza kushuka, ladha bado nzuri.

Ya kunyunyizia usiisage, ikate. Iwe imekauka, kisu kiwe kikali, upitishe mara moja mbili basi. Mtu anakatakata mpaka inakuwa kama tope halafu anainua anaona ubao umekuwa wa kijani. Ile kijani ya kwenye ubao ndio ladha yako, umeuwekea ubao badala ya mchuzi. Zima jiko, subiri mchuzi utulie usichemke, nyunyiza, funika dakika moja, pakua.

Kuosha, usiwashe bomba juu yake ukadhani umemaliza. Jaza bakuli kubwa maji, itumbukize, ipepete kwa mkono, halafu inyanyue yenyewe uiache michanga chini, usimwage pamoja. Rudia mpaka chini ya bakuli pasiwe na chembe hata moja, ya mabondeni huwa nafika mara nne. Maji ya chumvi au siki yanasaidia kuondoa wadudu lakini hayakuhakikishii kuwa vijidudu vyote vimekufa. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu mtaani mimi ya kunyunyizia mbichi naacha kabisa, natia kwenye chungu kinachochemka na kukubali kupoteza harufu. Kuihifadhi, usioshe kwanza, kata mizizi, simamisha kwenye glasi yenye maji kidogo kama maua, funika na mfuko juu bila kufunga, weka frijini mlangoni, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwangu inafika wiki na zaidi. Kama frijini huna izungushie kitambaa chenye unyevu, siku mbili.

Nimebakiza mtoto, na baba yake namuomba asome hapa. Huyu mtoto hadeki. Wapo watu ambao pua zao zinazinasa zile aldehaidi kwa nguvu, na aldehaidi za namna hiyo hiyo zipo kwenye sabuni na hata kwenye wadudu wengine wenye harufu kali, ndo maana wapo wanaosema kotmiri inanuka kunguni. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kuwa tofauti hii ya pua ina uhusiano na sehemu yenye jeni za kunusa, mojawapo inaitwa OR6A2. Lakini waliona pia kuwa mchango wa kurithi ni mdogo, maana yake mazoea nayo yana nafasi, na watoto wengi waliokulia kwenye nyumba zinazopika nayo huizoea polepole. Kumlazimisha kijiko mdomoni hakumzoeshi, kunamfanya aichukie pamoja na maharage.

Ukitaka kumjaribisha mpe chatini badala ya majani mabichi. Jani likipondwa vimeng'enya vyake vinatoka na kuanza kuzivunja zile aldehaidi, ukiiacha dakika kumi kabla ya kula ile harufu ya sabuni inapungua, na nazi au mtindi unaipooza zaidi. Mchovyee kiazi ncha tu, usiseme chochote, asipotaka yaishe. Na maharage yake mpakulie kwenye bakuli lake kabla hujanyunyiza, haikugharimu kitu. Ila sikiliza anavyosema. "Inanuka sabuni" ni pua. "Inaniwasha mdomo", au ukaona midomo imevimba, vipele, anakohoa baada ya kula, hiyo ni aleji, inatokea kwa mimea ya ukoo huu wa karoti, figili ya supu na bizari nyembamba. Hapo kotmiri inasimama mpaka daktari amwone, na pumzi ikibana mchukue mkimbie naye hospitali ya karibu.